Vichupa Chini ya Sato

Mliniacha bafuni kwangu Bweri, kanga nimeikusanya kifuani, macho yameganda tumboni. Kwa aliyechelewa kuungana nasi nitasimulia kwa ufupi, maana aibu hairefushwi.

Mimi ni Wankyo, muuza samaki wa Nyakato, Musoma. Kiti cha plastiki kilivunjika chini yangu kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani, watu wakacheka mpaka mshereheshaji akasahau ratiba. Kesho yake nikapanda basi hadi Bunda, kwa Prudence mwenye duka la vipodozi, akaniuzia vichupa vinane vya sindano za kupunguza mwili na pakiti ya sindano za kuchomea. Kila Jumapili kimoja. Mwili ukaanza kushuka, watu wakaanza kuuliza siri. Nami, Mungu anisamehe, nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba ni mfungo.

Mfungo! Mimi ambaye ikifika saa nne bila chai na maandazi naona giza.

Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji akatangaza mfungo wa siku ishirini na moja, na Dorotea, kiongozi wetu wa akina mama, akawa wa kwanza kuandika jina. Tangu siku ile wakaniita mama wa maombi.

Vichupa na pakiti ya sindano nilivificha kwenye friza ya samaki pale nyumbani, kwenye mfuko wa bluu chini ya sato. Mume wangu Wanzagi haigusi friza ile, anasema harufu yake inamfuata mpaka ofisini. Nikajiambia pale ni salama kuliko benki.

Sasa turudi bafuni.

Kushoto kwa kitovu, pale nilipozoea kujichoma, palikuwa na baka jekundu. La wiki ya kwanza lilikuwa dogo kama sarafu, likaondoka lenyewe. La wiki ya pili lilikaa siku nne. Hili la tatu lilikuwa pana kama chapati, gumu, la moto, na linawasha mpaka meno yanauma.

Nikampigia Prudence.

"Hiyo ni kawaida, dada," akasema. "Inatokeaga. Ni mafuta yanayeyuka."

"Lakini Prudence, limevimba!"

"Kanda na maji ya moto, halafu sugua kwa nguvu. Dawa imekaa sehemu moja, inatakiwa isambae."

Nikakanda. Nikasugua kama ninayesugua sufuria iliyoungua ugali. Kufikia jioni dawa ilikuwa imesambaa kweli, maana vipele vilitoka mapajani, vikapanda mbavuni.

"Mama Samwel, mbona unajikuna hivyo?" Wanzagi akaniuliza mezani.

"Mbu."

"Mbu wa wapi? Humu hamna mbu."

"Wa huko Nyakato, kwenye maji ya samaki."

Akanitazama kidogo, akaendelea kula. Mume wangu ni mtu mpole, na mtu mpole ukimdanganya unaumia mara mbili. Niliogopa. Niliogopa vipele, na niliogopa zaidi mtu kuviona.

Jumanne asubuhi nikachukua kichupa kimoja kutoka kwenye mfuko bila kuhesabu vingine, nikakitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu, nikapanda basi la Bunda. Nilitaka Prudence avione vipele hivi kwa macho yake.

Duka lilikuwa na kufuli.

"Amesafiri," akasema mwenye kioski cha jirani.

"Lini?"

"Jana jioni. Kuna mwanamume alikuja hapa anamtafuta, amemshika mke wake mkono. Yule mama alikuwa amejifunika uso na mtandio." Akanikagua toka juu hadi chini. "Na wewe ni mteja wake?"

"Hapana, mimi nauza samaki," nikajibu, nikaondoka haraka, mapaja yakiniwasha kila hatua.

Zahanati ya Musoma nisingeweza kuingia, ningekutana na waumini foleni nzima. Bunda hakuna anayenijua. Nikaingia zahanati ndogo nyuma ya soko, nikampata nesi mmoja anaitwa Diana, binti mwembamba mwenye sauti kavu.

Nikamwonyesha tumbo. Akalibonyeza pembeni kwa kidole.

"Unachoma hapa hapa kila wiki?"

"Ndiyo. Nilipazoea, hapaumi."

"Ngozi inachokaga, mama. Leo tumbo kushoto, wiki ijayo kulia, halafu paja. Na dawa unaichoma ikiwa ya baridi?"

"Naitoa alfajiri, nachoma upesi kabla mume wangu hajaamka."

Akatikisa kichwa. "Inatakiwa ikae nje kwanza, baridi iishe. Ukifuta na spiriti, iache ikauke. Ukimaliza, usisugue. Pakiwa pekundu kidogo unaweka kitambaa cha maji ya baridi, unangoja siku mbili tatu. Watu wengi wanapataga hivyo na inaisha. Lakini wewe una vipele mpaka mbavuni, hiyo si ya sindano kugusa ngozi tu. Hiyo ni mzio. Nani alikwambia ukande na maji ya moto?"

Nikafungua chupa ya chai nikampa kichupa.

Alikinusa kwanza. Kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mama, hii inanuka samaki."

"Naiweka kwenye friza. Chini ya sato."

"Kwenye friza? Inaganda?"

"Inaganda vizuri kabisa," nikasema, nikidhani ananisifu. "Asubuhi naiyeyusha kwapani."

Diana akakaa chini. Nimeuza samaki miaka kumi na mitano, na kwangu mimi kitu kisichoganda ni kitu kinachooza. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu barafu inakiua.

"Dawa za namna hii zikishaganda zimekufa," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Hazitumiki tena. Na hii yenyewe haina hata jina. Haina tarehe. Sijui ni nini, na wewe hujui ni nini. Hiki hakirudi kwako." Akakitia kwenye droo yake, akafunga. "Vingine viko vingapi?"

"Vinne."

"Usichome hata kimoja. Nakupa vidonge vya mzio. Vipele vikipungua, shukuru. Lakini nisikilize, mama. Ukiona midomo inavimba, au ulimi, au koo inabana, au unapumua kwa shida, hapo hakuna kidonge wala kitambaa. Unakimbia hospitali hapo hapo, na ukifika neno la kwanza useme ni sindano, utaje saa uliyochoma. Umesikia? Watu wanafaga kwa kuona aibu."

Hayo maneno ya mwisho nilirudi nayo Musoma njia nzima.

Nilifika nyumbani Bweri saa nane mchana. Nikafungua friza, nikatoa sato mmoja mmoja mpaka chini. Mfuko wa bluu ulikuwepo. Nikaumwaga juu ya meza.

Vichupa vilikuwa viwili.

Nikahesabu kwa vidole. Nilinunua vinane. Vitatu nimechoma, kimoja kimebaki Bunda. Vinabaki vinne. Nikapekua barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Viwili tu. Na kwenye pakiti ya sindano, mbili hazikuwepo.

Nani? Ufunguo wa friza tulikuwa nao watu wawili, mimi na wifi yangu Ursula, mdogo wa mwisho wa Wanzagi. Alikaa kwetu mwezi mzima akinisaidia kuuza, na Jumapili alirudi kwao Butiama kwa sababu harusi yake ni Jumamosi hii. Wiki iliyopita gauni lake liligoma kufunga zipu. Alilia. Akaniambia, "Wifi, nifundishe huo mfungo wako." Nikamwambia aombe zaidi.

Nilikuwa bado nimesimama na vile vichupa viwili mkononi simu ilipoita. Wanzagi.

"Uko wapi?"

"Bweri. Kuna nini?"

"Niko kwa mama Butiama, nilikuja kwa shughuli za harusi. Ursula amevimba uso. Macho hayaonekani. Imemwanza mchana huu, sasa anapumua kwa kukoroma. Mama anasema amerogwa, watu wameonea kijicho harusi. Ameita mganga amchanje. Akina mama wa kanisani nao wamekuja kuimba mapambio ya harusi wamekuta hivyo, wamekataa mganga asiingie. Wanasema uitwe wewe. Njoo umwombee, mke wangu."

"Mpelekeni hospitali!"

"Mama amekataa kabisa. Unajua kwetu bibi harusi akishawekwa ndani hatoki mpaka siku ya kuchukuliwa. Anasema akivuka ule mlango leo, ndoa imekufa."

Msomaji wangu, hapa ndipo penye dhambi yangu kubwa kuliko ile ya kanisani. Nilikuwa na simu sikioni. Nilikuwa na vichupa mkononi. Ilikuwa nimwambie tu, baba Samwel, ni sindano, mbebe sasa hivi. Maneno sita saba, hayazidi.

Nikasema, "Nakuja."

Kutoka Musoma mpaka Butiama kwa bodaboda ni karibu saa nzima. Saa hiyo nilimwibia Ursula, nami nikijua ninachokiiba. Nilijidanganya kwamba nitafika, nitamvuta Wanzagi pembeni, nitamnong'oneza, mambo yatakwisha kimya kimya. Kila tulipopunguza mwendo nilimpiga dereva mgongoni. "Ongeza, mwanangu, ongeza!" Akadhani nina mgonjwa hospitali. Laiti ingekuwa hivyo.

Uani kwa mama mkwe palikuwa na makambi mawili. Upande wa jikoni akina mama wa kanisani walikuwa wanaimba huku wanalia, Dorotea mbele, mashavu yamemwingia ndani kwa siku tisa za mfungo wangu. Upande wa zizi mganga alikuwa amekaa kwenye kigoda, wembe mpya uko kwenye kipande cha gazeti, na dawa nyeusi iko kwenye kifuu. Kila mmoja alikuwa anangoja zamu ya kumuua Ursula kwa nia njema.

Waliponiona, wimbo ukapanda juu.

"Amefika! Mama wa maombi amefika!"

Nikamtafuta Wanzagi nimvute pembeni. Mama mkwe aliniwahi. Akanishika mkono kwa nguvu za mwanamke aliyekamua ng'ombe miaka hamsini, akaniingiza ndani, na watu wakatufuata mpaka chumba kikajaa.

Ursula alikuwa kwenye godoro, ameegemezwa ukutani. Nisingemjua. Midomo ilikuwa imefumuka, macho yamekuwa mistari miwili, na shingo yote ina vipele kama kanga aliyenyonyolewa manyoya. Kila akivuta pumzi kifua kilipiga filimbi.

Mama mkwe akanipa chupa ya mafuta ya upako.

"Mwanangu," akasema, naye machozi yanamtoka. "Mimi na hao wa kanisani hatupatanagi. Lakini Mungu wako anakusikiaga, tumeona wote mwili wako. Mwekee mkono mtoto wangu."

Nikapiga magoti. Nikamwekea mkono kichwani. Na nikaanza kuomba, msomaji wangu, nikaanza kweli!

"Baba wa mbinguni..."

"Amina!" wakaitikia.

"Tunamleta mbele zako binti yako..."

"Amina!"

Mkono wa Ursula ukapapasa kwenye shuka mpaka ukaukuta wangu mwingine. Akaweka kitu kiganjani mwangu. Nikafungua jicho. Kilikuwa ni kifuniko kidogo cha rangi ya fedha, cha kichupa changu.

Akajitahidi kuongea. Niliinama mpaka sikio langu likamgusa mdomo.

"Sijawaambia, wifi," akasema, pumzi ikimkatika kila neno. "Nilikuwa... nakungoja wewe."

Amelala pale mchana kutwa, koo linafunga, mganga yuko mlangoni na wembe, na siri anayoifia ni yangu.

Nikaacha kuomba. Nikasimama.

"Mama, hajarogwa. Ni sindano."

Waliokosa nafasi walikuwa bado wanaimba nje.

"Sindano gani?" Wanzagi akauliza.

"Za kupunguza mwili. Ni zangu. Ziliganda kwenye friza zikaharibika, zimenipiga hata mimi." Nikainua blauzi mbele yao wote, mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo mkwe hafanyi akiwa na akili zake, wakaliona tumbo na mabaka yake. "Ursula alizikuta. Anatakiwa hospitali sasa hivi. Si kesho. Sasa hivi."

"Na mfungo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Dorotea.

"Hakukuwa na mfungo."

Dorotea akakaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Mtu mmoja akamletea maji. Siku tisa si mchezo.

Wanzagi hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo.

"Nilipokupigia simu, ulikuwa unajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanigeuzia mgongo.

Mama mkwe alisimama mlangoni akapanua mikono, akashika fremu huku na huku. "Hatoki! Mnataka kunizikia ndoa ya mtoto kwa sababu ya uongo wa huyu? Mganga aingie!"

"Mama, sogea."

"Wanzagi, mila!"

"Mila nitaijibu mimi," akasema Wanzagi, akamwinua dada yake mikononi kama alivyombeba alipokuwa mtoto, akapita naye chini ya mkono wa mama yake. Niliogopa mama angeanguka. Hakuanguka. Alitufuata anapiga kelele, na kandambili moja akaiacha uani.

Nje palikuwa na pikapu iliyoleta soda za harusi. Wanzagi na dereva walishusha kreti kwa kuzirusha, chupa zikavunjika, hakuna aliyejali. Tukamlaza Ursula nyuma kwenye mkeka, kichwa tukakiinua mapajani mwangu. Wanzagi akakaa mbele na dereva. Mama mkwe akapanda nyuma na sisi bila kuombwa, akakaa kunitazama uso kwa uso.

Hakunyamaza njia nzima.

"Akifa huyu, Wankyo, usikanyage kwangu. Hata msibani usije."

"Sawa, mama."

"Ng'ombe tulizotoa za mahari zirudi zote, kwenu wajue. Hatukuoa mwanamke, tulioa nyoka."

"Sawa, mama."

Nilikuwa simsikilizi sana. Nilikuwa nasikiliza ile filimbi ya kifua, naihesabu, maana ikikosa kulia nami roho yangu inasimama. Nikakumbuka maneno ya nesi Diana. Neno la kwanza ni sindano. La pili ni saa.

"Ursula, mdogo wangu. Ulichoma saa ngapi? Nionyeshe kwa vidole."

Akainua vidole sita. Saa sita mchana.

"Ulichoma vyote viwili?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Kimoja?"

Ndiyo.

Nikavuta pumzi. Afadhali, nikasema moyoni, kimoja ni afadhali kuliko viwili. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye pakiti zilikosekana sindano mbili.

"Na kingine kiko wapi? Umekitupa?"

Ursula hakutikisa kichwa. Aligeuza shingo yake iliyovimba, taratibu, kwa taabu, mpaka ile mistari miwili ya macho yake ikatazama mbele yangu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mama mkwe amenyamaza.

Alikuwa ameshika ukingo wa pikapu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anajikuna shingo. Alikuwa anajikuna muda mrefu, nadhani, maana palikuwa pamekuwa pekundu mpaka chini ya kidevu, na mimi nilidhani ni hasira.

"Mama," nikasema. "Mama, umechomwa?"

"Ursula alinichoma, akaniambia ni sindano ya magoti," akajibu. "Tulipomaliza kula."

Nikaanza kugonga kioo cha mbele kwa ngumi zote mbili, Wanzagi ageuke. Gari lilikuwa linaruka kwenye mashimo, hawasikii. Mama mkwe akaacha kushika ukingo, akanishika mimi. Midomo yake ilikuwa imeanza kutuna upande mmoja.

"Wankyo, mwanangu," akasema. "Koo inabana."